Nyimbo za Kupanga na Nyimbo za Kumiliki: Huduma za Muziki Mtandaoni kwa Msikilizaji na kwa Dijei

Mpwa wangu alianza kazi ya udijei katika sherehe za kupamba bibi harusi, zile za wanawake pekee ambazo mwanamume, hata akiwa ndiye fundi wa spika, huishia mlangoni. Siku mbili kabla ya shughuli yake ya kwanza ya malipo, katika ukumbi mmoja wa Majengo, Mombasa, alinijia na kompyuta yake na uso wa mtu aliyeibiwa. Kwa mwaka mzima alikuwa akilipia huduma ya muziki ya mtandaoni, na simuni mwake alikuwa amepakua nyimbo zaidi ya elfu mbili: taarab, chakacha, bongofleva, za Kihindi na za Kiarabu, kila aina katika orodha yake. Sasa alikuwa amefungua programu ya kuchanganyia muziki, ameunganisha simu kwa waya, ametafuta kila pembe, na hajaona hata wimbo mmoja.

“Mjomba, nyimbo zangu zimekwenda wapi?”

Nilimjibu kwamba hazijakwenda popote, ila hazikuwa zake. Alikasirika, na kwa kweli alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu neno “pakua” lililoandikwa kwenye kitufe alichokibonyeza mara elfu mbili humfanya mtu yeyote aamini kwamba kitu kimeshuka kutoka kule juu kikaingia mkononi mwake. Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo, kwani watu wengi wanaoulizana ni huduma gani iliyo bora huwa wanauliza maswali mawili kwa pamoja bila kujua: ipi inamfaa anayesikiliza, na ipi inamfaa anayechezesha watu.

Kwanza tuliondoe njiani jambo ambalo matangazo hulipigia debe sana, yaani wingi wa nyimbo. Spotify na Apple Music kila moja hutangaza kwamba ina nyimbo zaidi ya milioni 100. Mtu akisikiliza nyimbo 50 mpya kila siku, bila kurudia hata mmoja, kwa miaka 100, atakuwa amesikia milioni moja na laki nane hivi. Kwa hiyo tofauti ya milioni huku na milioni kule haimhusu binadamu. Kinachomhusu ni kama ule wimbo mmoja anaoutaka upo, na akiupata ana ruhusa ya kuufanyia nini.

Anayelipia usajili hanunui wimbo. Anapanga, kama mtu anavyopanga chumba. Wimbo uliopakuliwa ndani ya programu ya huduma umefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake unao programu ile peke yake. Spotify humruhusu anayelipa kuhifadhi hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, katika vifaa visivyozidi 5, lakini humtaka aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ihakikishe kwamba bado analipa. Asipoingia, nyimbo zile hunyamaza. Apple Music nayo, usajili ukikatika, ulichokipakua hakichezi tena. Programu ya udijei inapoichungulia simu, haioni nyimbo, inaona vipande vya data visivyosomeka. Wazee wetu walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na sidhani walikuwa wakifikiria spika, lakini kauli hiyo inamhusu dijei kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa msikilizaji wa kawaida mpangilio huo hauna ubaya mkubwa. Kodi ni ndogo: Spotify ilipoingia Kenya mwezi wa Februari 2021, usajili wa mtu mmoja ulikuwa shilingi 299 kwa mwezi. Bei za namna hii hupanda na kushuka, kwa hiyo azitazame mtu siku anayolipa. Kizuizi kilichowasumbua wengi, yaani kukosa kadi ya benki, kimepungua tangu Safaricom na Visa walipozindua kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay mwaka 2022, ambayo humwezesha mwenye M-Pesa kulipa kwenye huduma za ng’ambo zinazopokea Visa.

Gharama iliyojificha ni bando. Hesabu yake si ngumu, na inafaa kufanywa na kila mtu mara moja maishani. Muziki unaotumwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban megabaiti 43 kwa saa. Wa kilobiti 160 hula megabaiti 72. Wa kilobiti 320, ambao ndio kiwango cha juu cha kawaida cha Spotify, hula megabaiti 144. Chukua mtu anayetoka Mtwapa kila asubuhi kuja kisiwani na kurudi jioni, akawa anasikiliza saa mbili kwa siku, siku 26 za mwezi. Kwa kiwango cha chini atatumia gigabaiti 2 na robo. Kwa kiwango cha juu atatumia 7 na nusu. Wimbo ni uleule, gari ni lilelile lenye injini inayonguruma na kondakta anayepiga bati, na masikio hayaoni tofauti yoyote. Akipakua orodha yake usiku kwa waifai ya nyumbani au ya kazini, safari yote haitamgharimu hata megabaiti moja, na hapo ndipo usajili wa kulipia unapojirudishia fedha zake, kwa kuwa huduma nyingi haziwapi ruhusa ya kupakua wale wanaosikiliza bure kwa kuvumilia matangazo.

Kuhusu ubora wa sauti nitapita haraka, kwa sababu mjadala wake mtandaoni ni mrefu kuliko manufaa yake. Tangu Juni 2021 Apple Music hutoa sauti isiyopunguzwa bila malipo ya ziada, na Spotify ilianza kuwapa wanaolipa katika nchi nyingi kuanzia Septemba 2025. Ni jambo zuri kwa mwenye spika nzuri zilizounganishwa kwa waya katika chumba kilichotulia. Anayesikiliza kwa blututhi, ambayo huibana sauti upya kabla ya kuirusha, analipia data ya kitu kisichomfikia.

Swali lenye uzito zaidi kwa mtu wa mwambao ni lile la wimbo mmoja anaoutaka. Anayependa bongofleva na muziki wa Afrika Magharibi atapata mahitaji yake karibu kila mahali. Boomplay, iliyoanza mwaka 2015 na kuwafikia wengi kwa kuwekwa tayari ndani ya simu za TECNO, imejengwa juu ya muziki wa Afrika na ina mapana yake huko. Audiomack nayo ina hazina kubwa ya wasanii wachanga wanaopandisha kazi zao wenyewe. Lakini anayetafuta waimbaji wa taarab wa mwambao kama Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma au Zein l’Abdin hukutana na ghala lililopangwa na mtu asiyejua alichokuwa akikipanga. Jina la Zein huandikwa kwa namna tatu au nne, wimbo wa dakika kumi na mbili hukatwa, na rekodi za mashairi ya Kimvita hutupwa katika kapu moja liitwalo muziki wa dunia. Anayetafuta ajaribu kila tahajia anayoweza kuibuni, na asitegemee mapendekezo ya huduma, kwa kuwa hayo hutokana na mazoea ya wasikilizaji wengine, na mahali ambapo wasikilizaji ni wachache mashine haina cha kuigia.

Hapa ndipo YouTube, pamoja na kasoro zake, inapozishinda huduma zilizo nadhifu. Sehemu kubwa ya taarab ya Mombasa ilitoka kwenye kaseti, nyingi zikiuzwa na maduka kama Mbwana Radio Service, na hazikupata kamwe kampuni ya kuzipeleka kwenye huduma za kulipia. Zimepandishwa YouTube na wapenzi wenye mapenzi mengi na vifaa vichache, wengine wakiweka picha ya Ngome ya Yesu kwa dakika zote arubaini. Kwa asiyelipia, YouTube hudai kioo cha simu kiwe wazi muda wote, na kwa kawaida hula bando mara kadhaa zaidi ya muziki mtupu kwa sababu inaleta na picha, ingawa picha ikiwa ni ngome isiyosogea nyongeza huwa ndogo.

Sasa tuje kwa dijei, kwa kuwa ndiko fundo lilikokazika.

Msikilizaji hutaka kuusikia wimbo. Dijei hutaka kuushika. Programu kama Serato DJ, rekordbox, VirtualDJ au djay haianzi kazi kwa kupiga wimbo, inaanza kwa kuusoma wote tangu mwanzo hadi mwisho, ichore wimbi lake kwenye kioo, ihesabu mapigo yake kwa dakika, ikadirie ufunguo wake wa sauti, na iweke alama mahali dijei anapotaka kuingilia. Ili ifanye hivyo kwa wimbo wa kupanga, mwenye huduma na mwenye programu lazima wawe na mkataba unaoipa programu ruhusa. Bila mkataba huo hakuna waya wala ujanja utakaosaidia. YouTube Music na Boomplay, kwa mfano, hazimo kabisa katika Serato wala rekordbox. Na kile kipengele kiitwacho DJ ndani ya Spotify, kilichoanza mwaka 2023, kisimchanganye mtu: ni sauti ya kutengenezwa inayotambulisha nyimbo kama mtangazaji wa redio, na haiwezi kujua kwamba bibi harusi amefika mlangoni na kitumbuizo kinahitajika sasa hivi.

Mikataba hiyo huja na kuondoka. Spotify ilikuwa ikifanya kazi ndani ya programu kadhaa za udijei hadi tarehe 1 Julai 2020, ilipojitoa, na waliokuwa wamejenga orodha zao humo wakaamka wakiwa na majina ya nyimbo bila nyimbo. Ilirudi Septemba 2025 katika rekordbox, Serato na djay kwa wanaolipa, katika nchi 51 zilizotajwa. Katikati ya miaka hiyo mitano wengine waliijaza nafasi hiyo: TIDAL, SoundCloud, Beatport, na kufikia Machi 2025 Apple Music pia, iliyoingia katika Serato, rekordbox, djay na Engine DJ. Kwa hiyo anayenunua usajili kwa ajili ya udijei asianze na jina la huduma. Aanze na programu anayoitumia, aifungue, atazame ni huduma zipi zimeorodheshwa ndani yake, kisha ajaribu kuingia kwa akaunti iliyosajiliwa Kenya kabla ya kulipa chochote.

Tuseme ameingia. Je, bando litatosha? Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 256 una takriban megabaiti 8. Shughuli ya saa tano, nyimbo kumi na tano kwa saa, ni nyimbo 75, yaani karibu gigabaiti 0.6. Hizo si fedha za kumtoa mtu jasho. Tatizo la dijei si kiasi cha data bali ni ile dakika moja inapokosekana. Programu nyingi hupakia wimbo mzima katika kumbukumbu ya muda, hivyo mtandao ukikatika katikati, wimbo uliokwisha kupakiwa utaendelea hadi mwisho, huku dijei akiitazama saa na kujua kwamba wa pili hautakuja. Msikilizaji akikatikiwa, hungoja. Dijei akikatikiwa, wanawake mia tatu waliovaa vizuri humgeukia.

Kuna kinaya katika jambo hili kwetu hapa. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki hutua Mombasa: TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya ukanda mzima ikazorota. Mkasa wa namna hiyo ni wa nadra. Wa kila wiki ni ukumbi wenye kuta nene na mabati, uliojaa watu ambao simu zao zote zinagombea mnara mmoja.

Katika kupamba kuna tatizo jingine ambalo hakuna mhandisi wa ng’ambo aliyelifikiria. Simu hukusanywa mlangoni, au hukatazwa kabisa, kwa kuhofia picha za wanawake waliojipamba zisije zikazagaa. Hotspoti ya dijei ndiyo simu hiyo hiyo. Usiku ule wa Majengo mpwa wangu aliwahi mapema kwa mama mwenye shughuli na kumweleza hali yake kwa adabu, yule mama akatafakari, akaagiza plasta ya dawa kutoka kwenye mkoba wa mtu, akaibandika juu ya kamera ya mbele, nyingine juu ya kamera ya nyuma, akaikandamiza kwa kidole gumba mara mbili, ndipo akasema, “Haya mwanangu, ingia nayo, lakini ikae mezani niione.” Simu ilikaa mezani. Mtandao ulikuwa ukija na kwenda kama upepo wa kusi. Aliokolewa na flashi yenye nyimbo mia na themanini tulizozikusanya kwa siku mbili, nyingine tukizinunua, nyingine tukiziomba kwa wenyewe waliozirekodi.

Baadhi ya huduma zimejaribu kuliziba pengo hilo. Beatport, duka la muziki wa dijitali la madijei lililofunguliwa mwaka 2004, katika viwango vyake vya juu vya usajili humruhusu dijei kuhifadhi nyimbo ndani ya programu ya udijei na kuzicheza bila mtandao, ingawa bado ni nyimbo za kupanga. Anayepiga afro house katika hoteli za ufuoni Nyali au Diani atafaidika nayo sana. Kwa kupamba ya Majengo ni sawa na kumpelekea mvuvi baiskeli.

Vizuizi vingine havitangazwi sana. Katika Serato na rekordbox, wimbo wa kupanga unapotumika, kitufe cha kurekodi hufungwa. Mjini kwetu hili ni pigo, kwa kuwa dijei chipukizi hujitangaza kwa kurekodi miksi na kuwapa madereva wa matatu na tuktuk kwenye flashi. Vilevile ile kazi ya kisasa ya kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala huzuiwa kwa baadhi ya huduma. Nyimbo za kupanga kwa kawaida hazihamishiki kwenye flashi ya kuchomekwa katika mashine za ukumbini. Tena matoleo yenyewe ni yale ya kusikilizwa nyumbani, hayana mwanzo mrefu wa ngoma tupu wa kumsaidia dijei kuunganisha. Kwa matoleo ya namna hiyo, na kwa yaliyosafishwa matusi, jambo ambalo mbele ya mashangazi si la hiari, kuna mabwawa ya madijei, yaani huduma za kuwagawia madijei nyimbo, kama DJcity na BPM Supreme, ambayo kwa ada ya mwezi humpa dijei mafaili halisi ya MP3 yanayobaki kwake. Muziki wa kwetu humo ni haba.

Nao muziki wa kwetu una tabia ambazo mashine hazijazizoea, na hili nataka nilikalie kidogo. Chakacha huenda kwa mapigo sita yaliyogawika mawili mawili au matatu matatu, na utamu wake wote umo katika kule kuvutana kwa migawo hiyo miwili kiunoni mwa mchezaji. Programu za udijei zimejengwa juu ya muziki unaohesabika nne kwa nne. Ukiipa chakacha ambayo mguu wako unaihesabu mapigo 120 kwa dakika, inaweza kukuandikia 180 au 90, na kwa mantiki yake haijakosea, imeuhesabu mgawo wa pili. Ukibonyeza kitufe cha kulinganisha kasi, itauvuta wimbo wa bongofleva uufuate mgawo ule, na ukumbi mzima utahisi kwamba kuna kitu kimetenguka ingawa hakuna atakayeweza kukitaja.

Zaidi ya hapo, rekodi za zamani zilipigwa na watu, hazikupigwa na kompyuta. Bendi huanza taratibu, mpiga dumbaki anapata moto, waimbaji wanapokea, na wimbo ulioanza kwa kasi ya 108 unamalizikia 114. Mistari ya mapigo iliyochorwa na programu kwa kuamini kwamba kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho huwa imepotea kabla ya beti ya tatu. Na mahali ambapo mpiga udi anafuata maqam za Kiarabu, zenye sauti zinazoangukia kati ya vibao viwili vya kinanda, makadirio ya ufunguo hayana maana yoyote. Afadhali kuyafuta yasikupotoshe. Dawa ni kuipiga kasi kwa kidole mwenyewe, kuirekebisha mistari sehemu kwa sehemu, kuweka alama kwenye kila kibwagizo, na kukiacha kitufe cha kulinganisha kimezimwa. Kazi hiyo kwa wimbo mmoja wa taarab huweza kuchukua nusu saa. Ukiifanya juu ya wimbo wa kupanga, kisha mwenye haki akauondoa katika huduma au ukapandishwa upya kwa nambari nyingine, alama zako hubaki zimeshikilia hewa. Ukiifanya juu ya faili lako mwenyewe, nusu saa hiyo ni yako maisha.

Kuna suala la sheria pia, na wengi hulikwepa. Masharti ya Spotify yanasema wazi kwamba huduma ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, na huduma nyingine za wasikilizaji zina masharti ya jamii hiyo. Kulipa usajili hakumpi mtu haki ya kuucheza muziki ule mbele ya umma. Haki hiyo inatawaliwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na leseni zake hutolewa na mashirika ya kukusanya mirabaha yaliyoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Dijei mwenye busara humuuliza mwenye ukumbi kama leseni ipo kabla ya kushusha spika. Kununua faili nako hakuondoi sharti hilo. Leseni ya ukumbi na umiliki wa faili ni vitu viwili.

Wale wanaojali fedha zinazomfikia msanii wajue kwamba tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 haupati mgao wa mirabaha Spotify. Kwa msanii wa Kisauni anayeanza, hicho ni kizingiti halisi. SoundCloud tangu 2021 imekuwa na mpango ambao fedha za msikilizaji huenda kwa wale anaowasikiliza yeye. Mdundo, iliyoanzishwa Kenya, humpa msikilizaji MP3 halisi bure, msanii akilipwa kutokana na matangazo, ila tangazo lenyewe hubandikwa mwanzoni mwa wimbo, na sijui ni dijei gani angependa bibi harusi aingie kwa sauti ya tangazo. Bandcamp huuza mafaili moja kwa moja, na ni mahali ninapopenda kununua ninapomkuta msanii humo.

Mpwa wangu leo anatumia njia mbili, na ndivyo nilivyomshauri. Simuni ana usajili wa bei nafuu wa kusikilizia, uliowekwa kiwango cha chini barabarani, na kazi yake ni kumfundisha nyimbo mpya kabla wateja hawajaziomba. Katika kompyuta ana mafaili yake, sasa karibu elfu moja na mia tano, yenye nakala kwenye flashi mbili. Kwa kilobiti 320, nyimbo elfu tano za dakika nne huingia katika gigabaiti 48, kwa hiyo nafasi ipo tele. Usajili wa ndani ya programu ya udijei anao wa akiba, kwa ajili ya mgeni atakayeomba wimbo uliotoka wiki hii. Akiupata, vyema. Akiukosa, humwambia dada yule kwamba mtandao umekataa, na shughuli inaendelea.

Kazi iliyobaki ni ya kaseti. Bibi yake wa Mji wa Kale alikuwa na sanduku la kaseti za harusi na za taarab, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino kwa hati za Kiarabu, nyingine hazikuandikwa chochote. Hakuna huduma iliyo nazo wala itakayokuwa nazo. Jumamosi za mchana tunaweka moja katika redio ya zamani, tunapitisha waya hadi kwenye kompyuta, tunarekodi bila kubana: megabaiti 10 na nusu kwa dakika, karibu 635 kwa kaseti ya saa moja. Bibi hukaa kando akisikiliza. Tukifika kwenye wimbo usio na jina yeye huinua mkono tusimamishe, hulitaja jina, humtaja aliyeolewa usiku ule, na mpwa wangu huandika vyote viwili kwenye faili.